Shamba Hili ni la Nani

Watu wa kaunti walipofika na mkebe wa rangi nyekundu, Musimbi alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, kwa hivyo hakutoka kuwauliza wanaandika nini. Aliwaona tu kupitia dirisha lake la kuuzia chapati, wakichora ukutani kando ya geti kwa haraka ya watu wenye mageti mengine ya kwenda. Walipoondoka, mteja wa kwanza wa asubuhi hiyo aliyasoma yale maandishi kwa sauti: ploti hii inadaiwa kodi ya ardhi. Akaagiza chapati mbili na maharagwe, kisha akauliza kama watabomolewa.

"Mimi nibomolewe kwa nini?" Musimbi akamjibu. "Ardhi ni ya Mzee Kipkirui. Mimi ni wa chumba."

Alidhani mambo yameishia hapo. Kumbe hakuwajua vizuri majirani zake, pamoja na kuishi nao miaka yote hiyo wakichota maji kwenye mfereji mmoja na kupanga foleni kwenye choo kimoja.

Ploti ile ya mtaa wa West Indies, karibu kabisa na mjini Eldoret, ilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kuchanga. Choo kikijaa, wanachanga. Taa ya uani ikiungua, wanachanga. Mtu akifiwa huko kwao Vihiga au Bungoma, wanachanga kabla hajamaliza kulia. Ni tabia njema, nani atabisha, na imewasitiri wengi. Lakini ukizoea sana kutia mkono mfukoni, inafika siku mkono unaenda wenyewe bila kukuuliza. Kitu chochote kikibisha geti la ploti ile, hakuna anayeuliza ni cha nani. Wanauliza kila chumba kitatoa ngapi.

Mwenyekiti wao alikuwa Walubengo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye moyo mwema na woga mwingi. Mzee Kipkirui, mwenye ploti, alimpigia simu kutoka shambani kwake Turbo siku ileile ya rangi nyekundu. Alimweleza kwamba deni la kaunti limegawanywa kwa vyumba, kila chumba kitume sehemu yake kwenye simu yake kabla ya Jumamosi, na ambaye hatatuma atatolewa mlango. Kung'oa mlango ndiyo dawa ya baadhi ya wenye nyumba wa hapa. Hawakufukuzi. Wanakuacha ndani, na baridi ya Eldoret inakufukuza kwa niaba yao.

Walubengo akafanya alichozoea kufanya. Tayari alikuwa na kundi la WhatsApp, lile la kuchangia mazishi ya baba yake Mukhwana, kijana wa chumba cha mwisho, na hakuona haja ya kuunda jingine. Basi picha ya marehemu, amevaa koti na tai, ikabaki palepale juu, huku chini yake wapangaji wakiandika mmoja baada ya mwingine: nimetuma, Mungu atutie nguvu. Ungedhani ardhi ya Mzee Kipkirui imefariki na sasa inasafirishwa kwenda kuzikwa.

Jioni walikutana kwenye mfereji. Walubengo alifungua kwa maombi, akaeleza, akashukuru waliokwisha kutuma, kisha akamgeukia Musimbi ambaye hakuwa ameandika lolote.

"Mimi sitoi," Musimbi alisema.

Walimtazama kama mtu aliyekataa kuchangia jeneza. Jebet, mwalimu wa nasari aliyekaa chumba cha pili, mpole mpaka anakera, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama Ashley, si hii ni kusaidiana tu?" Ndivyo walivyomwita wote, kwa jina la binti yake aliyekuwa chuo kikuu kule Kesses.

Musimbi aliwauliza kama wamesahau Januari. Si ni Mzee huyuhuyu aliyewapandishia kodi ya nyumba akasema ni kwa sababu kaunti imempandishia ya ardhi? Basi walishamlipa, mwezi kwa mwezi, na kama hakuifikisha kaunti, hiyo ni shida yake na kaunti. Walubengo alikubali kwamba hilo ni kweli. Akaongeza kwamba hayo yalikuwa ya Januari na haya ni ya sasa, na kwamba hakuna anayetaka maneno. Mkutano ukafungwa kwa maombi mengine.

Tusidanganyane, Musimbi aliogopa. Chumba chake ndicho pekee chenye dirisha la barabarani. Kupitia dirisha hilo mafundi, wauguzi na watu wa bodaboda walimjua, na kupitia hilohilo Ashley alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa masomo. Vyumba viko vingi Eldoret. Dirisha kama lile hakulijua jingine. Alijua kwamba akishindana na Mzee anaweza kulipoteza, na usiku huo alilala akijiuliza kama kiburi chake kina akili.

Asubuhi Mzee alimpigia mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Alikuwa mzee wa kanisa, hakuwa na matusi, na wakati wa korona, biashara zilipofungwa, alimwacha Musimbi akae miezi kadhaa bila kumdai. Alimsalimia vizuri, akamuulizia Ashley, ndipo akaingia kwenye neno lenyewe.

"Mama Ashley, nasikia wewe unaharibu wengine," alisema. "Sasa niambie. Hiyo barabara ya kaunti, ni nani anaitembelea? Hiyo taa ya street, inamulikia nani? Mimi nalala huku Turbo na giza yangu. Mnaokula hiyo town ni nyinyi."

 Mzee alimtakia siku yenye baraka akakata simu, naye Musimbi akarudi kwenye jiko lake akiwa amenuna. Maneno yale yalimfuata siku nzima. Aliunguza chapati, akamrudishia mteja chenji iliyozidi, akamfokea Mukhwana aliyekuja tu kuomba chumvi. Kilichomuudhi ni kwamba Mzee alisema kama mtu mwenye haki. Kweli barabara anaitumia yeye. Kweli taa inammulikia yeye, na bila ile taa asingeuza chapati za jioni.

Jibu lilimjia akisukuma chapati za saa ya watu kutoka kazini. Takataka zake analipia mwenyewe kwa vijana wa mkokoteni. Leseni ya kuuza chakula ameilipia kaunti kwa jina lake, na karatasi imebandikwa ukutani mtu yeyote aione. Hiyo ndiyo sehemu yake ya mji. Lakini barabara ile ilipowekwa lami, ni nani aliyetajirika? Chapati haikupanda hata shilingi. Kilichopanda ni bei ya ploti. Alifuta mikono kwenye aproni, akampigia Mzee hata kabla ya kugeuza iliyokuwa kwenye kikaango.

"Mzee, nimefikiria ile maneno yako," alisema. "Swali yangu ni moja. Siku utauza hii ploti, utatugawia?"

 Huko Turbo ng'ombe alisikika akilia mahali fulani karibu na simu.

"Jumamosi, Mama Ashley," Mzee akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi Walubengo alikuja mapema na bisibisi yake. Mlango ule aliutengeneza na kuufunga yeye mwenyewe, na sasa hakuweza kumtazama mwenye chumba usoni. Alisema, "Nimetumwa, Mama Ashley." Musimbi akamwambia anajua, afanye alichotumwa. Hata alimshikia mlango upande wa chini usije ukaanguka na kupinda. Walubengo aliubeba akauegemeza nyuma ya choo, akaenda zake chumbani bila kunawa mikono.

Baridi ikaingia kama imealikwa. Kitanda, masanduku, sufuria, nguo za ndani zilizoanikwa kwenye kamba, vyote vikawa vya kila mpita njia. Musimbi alitundika leso mahali pa mlango, upepo ukaipeperusha, akaitundika tena. Jebet alipita akaangalia upande mwingine kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma Musimbi kuliko baridi. Alisikia hasira ikimpanda polepole. Haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ya mtu aliyekwisha kuamua, amebaki kutafuta vifaa.

Akafunga dirisha. Wateja wa Jumamosi walisimama nje wakitazamana. Alienda kwa Jebet akaazima jembe analolimia sukuma wiki, akakata matawi ya mti wa ua, akayachonga ncha yakawa vigingi, akatafuta kamba ya katani. Mbele ya vyumba kulikuwa na uwanja mpana wa nyasi unaofika hadi ua wa kayaba, ambao Mzee Kipkirui alikuwa akisema kila mwaka kwamba atajenga ghorofa. Musimbi akaanza kuupima. Alitembea hatua zilezile kwa kila chumba, akageuka, akapigilia kigingi kwa jiwe, akavuta kamba, akapigilia kingine.

Walubengo akatoka. Alimuuliza, kwa tahadhari, anafanya nini.

"Nataka kulipa," Musimbi akasema. "Lakini kwetu mtu halipii shamba hajaonyeshwa mpaka. Natafuta yangu. Na nyinyi mmeshalipa, kwa hivyo nawapimia pia. Yako inaanzia hapa, mwenyekiti, inaenda mpaka kwa mfereji."

Mwanzoni walicheka. Mukhwana alicheka mpaka akaketi. Kisha Jebet, yule mpole, akaenda taratibu akasimama katikati ya kipande chake, akatazama huku na huku kama mtu anayepima mahali pa kuweka jikoni. Irungu, muuza viatu vya mitumba, akaona kwamba choo kimeangukia upande wake, akauliza kwa nini yeye apewe choo. Mukhwana akaacha kucheka, akasema kamba imemla, imeingia kwenye kipande chake. Irungu akasema haijamla. Wakaishika, huyu akavuta, yule akavuta. Watu walioamka wapangaji, saa sita haijafika, tayari walikuwa wanagombania mpaka.

Musimbi hakuwaamulia. Aliinua jembe akaanza kulima kipande chake, udongo mwekundu ukageuka juu ya nyasi, na harufu yake ikawafanya watu wanyamaze kidogo. Kuna mtu alipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp, ikakaa palepale chini ya marehemu na tai yake, na haikuchukua muda ikafika Turbo.

Tangu mvua zianze, Mzee Kipkirui alikuwa ameombwa aje aone bomba la choo linalovuja, na kila mara alikuwa na mahindi ya kupalilia, au gari limeharibika, au mgeni. Siku hiyo gari halikuwa na tatizo. Ni kwamba katika nchi hii ya mahindi unaweza kumtukana mtu akakusamehe kesho yake, lakini ukipigilia kigingi kwenye ardhi yake na kufunga kamba, damu inampanda kichwani. Hapa Uasin Gishu tumeshaona mipaka inavyowatoa watu wazima akili, na Mzee alikuwa na umri wa kuyakumbuka yote. Aliingia getini bado ameshika ufunguo wa gari. Nyuma yake alikuwa Bethwel, mzee wa mtaa, aliyemchukua njiani ili apate shahidi.

"Nani amepima shamba yangu?" aliuliza.

Irungu na Mukhwana waliiachia kamba kwa pamoja. Musimbi aliegemea mpini wa jembe.

"Ni mimi, Mzee. Lakini umesema shamba ya nani?"

"Yangu. Nilinunua na pesa ya mahindi, na Bethwel alikuwako."

"Hata sisi tunajua ni yako," Musimbi akasema. "Sasa mbona kodi yake iko kwetu?"

 Mzee akaanza tena habari ya barabara na taa, lakini safari hii maneno hayakutembea vizuri kama yalivyotembea kwenye simu, kwa sababu alikuwa anayasema huku amesimama katikati ya vigingi. Bethwel alikohoa. Alisema kwa upole kwamba yeye ameletwa awe shahidi, na alichokisikia ni kwamba shamba ni la Mzee Kipkirui, na kama ataulizwa popote, hicho ndicho atakachosema.

"Chagua moja, Mzee," Musimbi akasema. "Kama ni yetu, tuachie, mvua iko, tutapanda. Kama ni yako, uilipie. Mimi nitalipa chumba vile nimekuwa nikilipa. Ile wakati ya korona ulinisaidia na sijasahau, kila siku nakuombea. Lakini sitakulipia shamba."

Mzee alimwomba wasogee pembeni. Walisimama kando ya ua wa kayaba, na hapo akazungumza kwa sauti ya chini, sauti ya mzee wa kanisa anayepatanisha. Alimwambia kwamba anamheshimu, na kwamba anajua Musimbi ana mtoto chuoni. Basi yeye asilipe. Mlango wake utarudishwa sasa hivi, na mambo yaishie hapo kati yao wawili, wengine waachwe wamalize kutuma maana wameshakubali wenyewe.

Niseme ukweli, hapo Musimbi alitikisika. Alichokuwa akikipigania kilikuwa mkononi: mlango, dirisha, mwaka wa mwisho wa Ashley. Majirani wenyewe walikuwa hawajamtetea kwa neno moja, na mmoja wao ndiye aliyeubeba mlango. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuna hata ambaye angejua. Akawatazama pale kwenye nyasi, Jebet bado amesimama kwenye kipande chake kama aliyesahauliwa, na akawaonea huruma na hasira kwa wakati mmoja.

"Mzee anasema mimi nisilipe, nyinyi ndio mlipe," akasema kwa sauti ya kufika mpaka getini. "Nimekataa."

Mzee Kipkirui akawa mwekundu wa macho. Alimwambia kwamba kama ni hivyo, mwisho wa mwezi ahame, chumba atampa mtu mwenye adabu.

 Musimbi aliwatazama majirani mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama miguu yao. Moyo ukamshuka. Alijiambia, basi, umekwisha, umelima shamba la watu na sasa huna hata dirisha. Alitamani kukaa chini pale kwenye udongo.

Ndipo kukasikika kitu kikiburutwa nyuma ya choo. Walubengo alitokea, mlango umemlalia begani, skrubu amezibana kwenye meno. Alipita katikati ya watu bila kuomba njia, akakikanyaga kimoja cha vigingi, akafika chumbani kwa Musimbi akaishusha ile leso na kuanza kuupachika mlango kwenye fremu.

"Nani amekutuma?" Mzee akamuuliza.

Walubengo alitoa skrubu mdomoni kwanza, kwa utaratibu, akazishika kwenye kiganja.

"Leo sijatumwa," akasema, kisha akaigeukia tena bawaba.

Baada ya hapo ni kama kuna kizibo kilichotoka. Jebet alisema, kwa sauti ileile anayoitumia kwa watoto wa nasari, kwamba angeomba ile pesa yake irudi. Irungu akasema hata yake. Mukhwana akasema yake alikopa kwa mtu. Mama mmoja wa chumba cha nyuma, ambaye hata mikutanoni huwa hasemi, alisema Mzee asisahau na ile ya Januari, na watu wakamgeukia kwa mshangao. Bethwel alimgusa Mzee kiwiko, akamwambia jambo kwa Kikalenjin, fupi tu.

Mzee Kipkirui alianza kwa kung'oa vigingi. Aliving'oa mwenyewe, kimoja kimoja, akiinama kwa shida, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemcheka. Alikusanya kamba akaizungusha vizuri mkononi kama mtu asiyependa kitu kiharibike. Kisha akaketi kwenye jiwe la mfereji, akavaa miwani, akatoa simu. Bila kuinua kichwa alisema Jumatatu ataenda kaunti mwenyewe. Alisema pia kwamba moshi wa chapati unaharibu rangi ya ukuta wake. Kuhusu mtu kuhama mwisho wa mwezi hakurudia tena, na Musimbi hakumkumbusha.

Akaanza kutuma. Kidole chake kilikuwa kizito na kila jina alilithibitisha kwa kuuliza. Simu ya Jebet ikalia. Akaisoma, akaishika kifuani. Ya Irungu ikalia, ya Mukhwana ikafuata, kisha ya yule mama wa chumba cha nyuma, na ya Walubengo ikalia ndani ya ovaroli huku mwenyewe akikaza skrubu ya mwisho. Ua mzima ulikuwa unalia simu, na watu ambao wiki nzima hawakumtazama Musimbi sasa walikuwa wanamtazama yeye badala ya simu zao.

Ya kwake ilikuwa kimya kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa ametuma kitu, kwa hivyo hakuwa na cha kurudishiwa. Alisimama mlangoni mwake, mkono juu ya ule mfuko, akiisikiliza isilie, na furaha ikamjaa mpaka machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na hakuyafuta.